Maswali Yenu: Sinia ya Masomo, Saumu ya Saa Sita na Kofia Nyeupe

Toleo lililopita mhariri aliniomba nusu ukurasa tu, nieleze shule niliyosomea Tampere, Ufini. Nikaandika, nikadhani yamekwisha. Kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zenu zimefikishwa kwa nyanya yangu hapa Kibokoni zikiwa zimefungwa kwa mpira wa noti, na nyanya kazisoma zote kabla yangu. Mbili amezificha. Asema ni za posa.

Kwa aliyekosa toleo lile: mimi ni mzawa wa Mji wa Kale, Mombasa. Mamangu ni muuguzi, alipata kazi Ufini, nami nikamfuata Januari 2019 nikiwa na miaka 13. Nikatiwa kwanza darasa la maandalizi ya lugha, nikamalizia ile shule yao ya msingi ya miaka tisa, kisha Agosti 2021 nikaingia lukio, yaani shule ya upili ya juu. Nilimaliza Desemba 2024. Sasa nasoma chuo hukohuko, na likizo hii nimekuja kumkalia nyanya.

SWALI: Binti yangu yuko Gredi ya 10. Kila nikimkemea kuhusu vitabu hunijibu kwamba Ufini watoto hawana mitihani wala kazi za nyumbani na bado ni werevu kuliko sisi. Ni kweli, au nitafute fimbo? (Mama Watatu, Bamburi)

JIBU: Shikamoo mama. Fimbo iache, ila binti amekupa nusu ya habari. Katika ile miaka tisa ya mwanzo kweli hakuna mtihani wa taifa wa kumpanga mtoto, na hiyo ndiyo sifa iliyozagaa duniani. Ukivuka ukaingia lukio, mambo hugeuka. Mwaka hukatwa vipande, mara nyingi vitano vya wiki kama saba hivi, na kila kipande huishia kwenye wiki ya mitihani. Alama ni kuanzia 4 hadi 10, na 4 maana yake umeanguka. Kazi za nyumbani zipo tele.

Halafu kuna mtihani mkuu, ylioppilastutkinto. Jina peke yake lataka uvute pumzi. Ulianza mwaka 1852, wakati huo ukiwa wa kuingilia Chuo Kikuu cha Helsinki, na siku hizi hufanywa Machi na Septemba. Ni masomo yasiyopungua matano, lugha ya mama ikiwa ya lazima (sisi wa kuja hufanya Kifini cha wageni), na kila somo hupewa hadi saa sita. Saa sita, mama! Ni kutoka Mombasa ukafika Voi, ukanywa chai, ukarudi. Waweza kuyagawa masomo hayo katika vipindi vitatu vya mtihani vinavyofuatana, na ndivyo nilivyofanya: Kiingereza Septemba 2023, Kifini na biolojia Machi 2024, hisabati na kemia Septemba 2024.

Karatasi haipo. Tangu 2019 mtihani wote umehamia kwenye kompyuta. Waja na laptopu yako, wachomeka flashi uliyokabidhiwa, na kompyuta yasahau kila kitu ilichokuwa nacho. Yawaka na mfumo wa mtihani tu, mafaili yako huyaoni, wala intaneti. Ukumbi wa michezo umetandazwa nyaya kama ufuo wa wavuvi siku ya kuanika nyavu. Hata hisabati huandikwa kwa kibodi, na kuna siku nililia kwa sababu ya alama ya mzizi, si kwa sababu ya hesabu.

Kwa kuwa saa sita ni nyingi, watu huruhusiwa kuja na chakula, nacho kina sheria zake. Maandishi yote kwenye pakiti hubanduliwa usije ukawa umejiandikia majibu, na karatasi zenye mchakacho hazitakiwi. Biolojia yangu iliangukia ndani ya Ramadhani. Jirani yangu wa kushoto alipanga mezani zabibu, jibini, mkate, ndizi mbili na chokoleti iliyovuliwa nguo. Mimi nina saumu yangu na chembechembe za urithi. Mwangalizi alinipitia mara tatu akiangalia meza tupu, mwisho akaninong'oneza kama niko sawa. Bahati nzuri mwezi wa Machi mchana na usiku hulingana huko kama hapa, kwa hiyo saumu yenyewe haikupita sana ya Kibokoni. Ramadhani ya 2021, iliyoingia hadi Mei, ndiyo iliyonitia adabu: magharibi ilikuwa baada ya saa tatu usiku.

SWALI: Niko Fomu ya 4. Wewe ulikuwa kidato gani, na ratiba yenu ilikuwaje? (Kandideti, Changamwe)

JIBU: Mdogo wangu, sikuwa kidato chochote. Hapa ndipo hata nyanya hunikatiza kila mara aulize, "Sasa ulikuwa la ngapi?" Lukio haina vidato. Una pointi 150 za masomo za kukusanya. Ukizikusanya kwa miaka mitatu, sawa. Ukichukua minne, sawa vilevile. Kozi moja ya kawaida huwa na pointi 2, na kila mwanafunzi hujipangia mwenyewe.

Pa kujipangia huitwa tarjotin. Maana yake ni sinia, sinia hasa ya kupakulia. Ndani ya programu iitwayo Wilma huwekewa safu za saa, na kila safu imejaa masomo kama sinia ya harusi: pilau huku, nyama huku, kachumbari pembeni. Tofauti na harusi, katika kila safu wachukua kitu kimoja tu. Ukichota kemia, historia iliyo safu hiyohiyo imekupita mpaka kipande kingine. Wadogo zenu wa Gredi ya 10 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu. Kule hakuna mkondo, kemia na muziki zaweza kulala chumba kimoja.

Mimi nililelewa na kengele. Shule niliyoanzia hapa mjini kengele ikilia umesimama, ikilia tena umeketi, na prifekti yu mlangoni na daftari la majina. Leo nimewekewa sinia na hakuna wa kuniambia kula hiki kwanza. Nikafanya ambalo nadhani hata wewe ungelifanya: nikachagua masomo kwa kutazama saa. Lolote linaloanza saa nne asubuhi, langu. Nikabaki na mapengo katikati ya siku, wao huyaita hyppytunti, saa za kuruka, nami nikaruka kwelikweli, hadi madukani.

Na wakati huo nimeshika hisabati ndefu. Huko hisabati ni mbili, ndefu na fupi, na ni wewe unayechagua. Ndefu ina pointi 20 za lazima, fupi 12. Niliishika ndefu kwa kiburi tu, nilikuwa wa kwanza wa hesabu darasani hapa Mombasa. Hakuna aliyeniuliza daftari liko wapi. Mwalimu alinionya mara moja, kwa upole, kama mtu akwambiaye mvua yaelekea kunyesha. Wiki ya mitihani ikafika. Nikapata 4.

Nikangoja kuitwa ofisini. Sikuitwa. Nikangoja mama aandikiwe barua ya kuja shuleni. Alama aliiona kwenye Wilma, akanitazama, akaenda zamu ya usiku. Kimya kile kilinitisha kuliko fimbo zote za maisha yangu. Siku ya nne nikaenda mwenyewe kwa opo, ndivyo wanavyomwita mshauri wa masomo. Nilijiandaa kusemwa. Akafungua sinia yangu kwenye skrini, akaniuliza, "Wewe wataka nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 16, na mtu mzima hakuwahi kuniuliza hivyo halafu akangoja. Naye alingoja. Wafini wana kipaji cha kukaa kimya, aweza kukaa dakika mbili nzima bila hata kukohoa. Mwisho nikasema nataka kusomea famasia. Basi akanionyesha kwamba tangu 2020 vyuo vikuu vya huko hugawa zaidi ya nusu ya nafasi kwa alama za mtihani mkuu, na hisabati ndefu hubeba pointi nyingi. Hakusema "soma". Nikarudia ile kozi, na tukaisambaza safari yangu iwe miaka mitatu na nusu. Hakuna aliyeniita mzembe kwa hilo. Ni kama kuiacha matatu iliyojaa ukapanda ya nyuma.

Ila usidhani ni asali tupu. Kwa kuwa kila kozi ina watu wengine, hapana "wenzangu wa darasa". Wakaa na msichana wiki saba, mwafahamiana kidogo, kipande chaisha, hamwonani tena hadi mwaka mwingine. Nilimaliza mwaka mzima nikiwa na rafiki mmoja, na huyo ni Msomali, jirani yetu wa mtaa wa Hervanta. Vijana wengine wapewapo uhuru ule hupotea kabisa, hawaji, na yapita wiki kadhaa kabla ya mtu kushtuka. Hilo sikulipenda hata siku moja.

SWALI: Nilifundisha miaka 34. Nasikia huko mtoto humwita mwalimu kwa jina lake. Heshima iko wapi? (Mwalimu Mstaafu, Tononoka)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Ni kweli, na mimi lilinishinda. Mwalimu wa Kifini alituambia siku ya kwanza tumwite jina lake la kwanza, mama wa makamo mwenye mvi. Ulimi ukakataa. Miezi mitatu nilikuwa nikimwita opettaja, yaani mwalimu, na darasa likicheka, maana kule hivyo husema watoto wadogo wakitaka ruhusa ya kwenda msalani. Baadaye nikazoea, lakini kichwani nilikuwa nikimtangulizia "Bi" kimyakimya.

Sikuona wakimdharau, mwalimu wangu. Kufundisha lukio huhitaji shahada ya uzamili, na mwalimu huachiwa darasa lake. Hakuna mkaguzi wa kumchungulia dirishani. Heshima yao iko mahali pengine: hawamkatizi mtu akisema, na hawachelewi. Saa mbili kamili ni saa mbili kamili. Nikikupa jibu la kweli, kuchelewa kwangu dakika tano kuliwaudhi kuliko ambavyo kuitwa kwako jina kungekuudhi wewe.

SWALI: Je, chakula cha shule ni halali? Na sala? Na buibui? (Mzazi, Kuze)

JIBU: Waalaikum salaam, mzee wangu, salamu zako zimefika. Chakula cha mchana ni bure kwa kila mwanafunzi, hata wa lukio; sheria yake ni ya 1943 na ikatimizwa nchi nzima 1948. Wajipakulia mwenyewe: viazi, mchuzi, saladi, mkate mkavu unaolia kama bisi, na maziwa. Kila siku kuna chakula kisicho na nyama. Huo ndio uliokuwa mlango wangu, pamoja na siku za samaki. Samaki kwa Kifini ni kala. Juma langu la kwanza niliona KALA imeandikwa kwa herufi kubwa ukutani, nikasimama nikijiuliza, kala nani? Kala nini?

Lugha yao ina maneno mengi ya kukuchezea hivyo, kwa sababu nayo yapenda kuishia kwa vokali. Kana ni kuku. Tuli ni moto! Msimwambie Mfini akae tuli.

Tampere ina soseji yake nyeusi, mustamakkara, fahari ya mji, huliwa na jamu ya matunda mekundu kule soko la Tammela. Imetengenezwa kwa damu ya nguruwe. Kila mwenyeji mwema alitaka kunionjesha, na kila mara nilieleza upya.

Sala nilizisali katika saa zile za kuruka, kwenye chumba kitupu nilichopewa baada ya kuomba. Tabu ilikuwa Desemba: adhuhuri, alasiri na magharibi zafuatana kama mabehewa, kwa kuwa jua lazama saa tisa alasiri. Sare hakuna, kwa hiyo hijabu haikuwa hoja ya mtu shuleni. Kwenye basi, mara mbili tatu niliambiwa maneno. Nayasema kwa kuwa umeniuliza kama mzazi.

SWALI: Baridi?? (Jina halikuandikwa)

JIBU: Ndiyo. Lakini giza ni baya zaidi. Katikati ya Desemba mwanga wa Tampere ni saa tano na kitu kidogo. Nilikuwa naondoka Hervanta kwa tramu nyekundu, ambayo ilianza kazi Agosti 2021, mwezi uleule nilioanza lukio, nikiiona kama imeletwa kwa ajili yangu; naondoka giza, narudi giza. Sheria humtaka mtembea kwa miguu avae kiakisi mwanga gizani, kadude kanachoning'inia kwenye koti. Nimemletea nyanya kimoja. Amekifunga kwenye mbuzi wa kukunia nazi.

SWALI: Kuna mtu hapa mjini asema kwa shilingi 150,000 atamwombea mwanangu nafasi ya lukio, ya bure kabisa, kwa Kiingereza. Nimpe? (Baba Asiyelala, Likoni)

JIBU: Usimpe, baba yangu. Subiri nikueleze kwanza palipo ukweli ndani ya maneno yake, maana mtu wa namna hiyo hachanganyi uongo mtupu.

Bure ipo. Agosti 2021 sheria mpya iliongeza umri wa lazima wa kusoma hadi miaka 18, na kwa sababu hiyo vitabu na laptopu vikawa juu ya mwenye shule. Mimi nilikuwa kundi la kwanza kabisa. Waliotutangulia mwaka mmoja tu walikuwa wakinunua vitabu vyao, na walitutazama kwa jicho. Lakini sheria ile ni ya vijana wakaazi wa Ufini. Nilifaidi kwa kuwa mamangu anaishi na kufanya kazi kule, si kwa kuwa niliomba vizuri.

Kiingereza kipo pia, katika shule chache, hasa zenye mpango wa IB, ule mtaala wa kimataifa, na nafasi zake hugombewa na wenyeji wenyewe. Lukio nyingine karibu zote hufundisha kwa Kifini, au Kiswidi. Kwa asiyejua lugha kuna mwaka wa matayarisho, TUVA, ulioanza 2022, nao pia ni wa wakaazi hasa. Maombi hufanywa na mwanafunzi mwenyewe mtandaoni, mwanzoni mwa mwaka, Februari na Machi, na kuomba hakulipiwi hata senti. Mabweni kama yetu hakuna kwa kawaida, kwa hiyo mtoto wa miaka 16 angelazimika kupanga chumba, ajipikie, nanyi muionyeshe idara yao ya uhamiaji pesa za kumtunza. Na akimaliza akataka chuo kikuu? Tangu 2017 wanafunzi watokao nje ya Ulaya hulipa karo kwenye kozi za Kiingereza.

Mwulize huyo mtu mambo mawili tu: jina la shule, na barua ya shule hiyo yenye jina la mwanao. Ukiona anaanza kukueleza theluji, panda feri urudi nyumbani.

SWALI: Katika picha yako umevaa kofia nyeupe kama ya nahodha juu ya hijabu. Ya nini? Na ulicheza ile densi niliyoiona mtandaoni? (Salma si jina langu, Tudor)

JIBU: Densi kwanza, najua ndiyo uliyoitaka. Februari wanafunzi wa mwaka wa mwisho huacha masomo wakajisomee mtihani. Siku ya kuondoka hupandishwa malori, wamevaa vituko, wakizungushwa mjini huku wakiwarushia watoto peremende. Mimi nilipigwa na moja jichoni. Kesho yake wa mwaka wa pili, ambao sasa ndio wakubwa wa shule, huvaa magauni ya kifalme na suti, na hucheza densi za kale mbele ya wazazi. Huitwa wanhat, wazee. Miezi kadhaa ya mazoezi, ni somo lenye pointi.

Nilisema sichezi. Kushikana mikono na wavulana, magauni yasiyo na mabega, mama hata sikumuuliza. Rafiki yangu wa Hervanta ndiye aliyeuliza mwalimu kama wasichana wawili waweza kuwa jozi. Mwalimu akashangaa swali: kwa nini wasiweze? Nyanya akanunua kitambaa Mtaa wa Biashara, hariri ya rangi ya komamanga, fundi wake akakishona kwa vipimo nilivyomtumia kwa simu, mikono mirefu, shingo juu, na gauni likasafiri ndani ya begi la muuguzi mwingine aliyetoka likizo. Februari 2023 nikacheza wolzi. Nilimkanyaga mwenzangu mara nne. Mama alikuwa amebadilisha zamu, amekaa safu ya tatu, akarekodi video ya dakika arobaini ambayo nusu yake ni kichwa cha bwana aliyekaa mbele yake.

Kofia sasa. Ni ya aliyefaulu mtihani mkuu, nyeupe, ukingo mweusi, na kinubi kidogo cha dhahabu mbele. Wengi huipata mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, jua likiwaka hadi usiku, bustani zina maua. Sisi wa kuchelewa huipata karibu na 6 Desemba, sikukuu yao ya uhuru, ambapo madirishani huwashwa mishumaa miwili. Hatukufika thelathini. Nje kiza, theluji imekuwa tope. Opo ndiye aliyesimama karibu nami, na kofia ilikuwa ikiteleza juu ya hijabu, akatoa pini mbili mfukoni mwake. Alikuja nazo. Alikuwa amelifikiria hilo kabla yangu.

Hisabati ndefu nilipata C, kama umefika hadi hapa ukitaka kujua. Kwao C ni alama ya katikati, kwa Kilatini cum laude. Nyanya huitamka vizuri kuniliko.

Kofia yenyewe imo ndani ya kabati lake la vioo, pamoja na birika za kahawa na vikombe visivyotumika. Kila mgeni akija huitoa. Jana nimerudi kutoka kununua viazi karai nikamkuta muuza mahamri ameketi barazani amevishwa, anapigwa picha.